Nguo Zilizobaki Kwenye Udongo: Visanamu vya Wamaya na Jinsi ya Kuvisoma

Pamba haidumu kwenye msitu wa mvua. Nchi ya Wamaya, inayoanzia kusini mwa Mexico na kupita Guatemala na Belize hadi pande za magharibi za Honduras na El Salvador, ina joto, unyevu, wadudu na kuvu, na kitambaa kinachozikwa humo huoza kabla ya mifupa ya aliyekivaa. Watu waliofuma kwa karne nyingi, waliotoa na kupokea kodi kwa vitambaa, wametuachia vipande vichache tu vya kazi yao. Mabaki kadhaa yameonekana yakiwa yamegandamana na vitu vingine ndani ya makaburi ya kifalme ya mji wa kale wa Copán. Vipande vingine viliopolewa kwenye kisima kitakatifu cha mji wa kale wa Chichén Itzá, na hivyo vilinusurika kwa sababu vilikuwa vimeshaungua kabla ya kuzama kwenye tope.

Kwa hiyo anayetaka kujua bibi wa ukoo wa kifalme alivaa nini mwaka 750 BK hana budi kutafuta picha. Zipo kwenye mawe ya kuchongwa, kwenye kuta zilizopakwa rangi, kwenye vikombe vya kunywea kakao, na kwenye visanamu vya udongo ambavyo vingi vina kimo cha sentimita 10 hadi 25. Hivi vya mwisho vina faida moja kubwa: unaweza kukizungusha kisanamu. Jiwe linakupa upande mmoja, tena aghalabu mtu amechongwa uso ukitazama pembeni. Kisanamu kilichofinyangwa kwa mkono kinakuonyesha fundo la mshipi lilivyofungwa mgongoni, nywele zilivyokusanywa kisogoni, na shuka lilivyolala juu ya shuka jingine.

Lakini kwenye kabati la makumbusho utakuta kibandiko kilichoandikwa kitu kama “kisanamu cha Jaina, mwanamke wa tabaka la juu”, kikiwa kimewekwa chini ya kichwa cha habari kinachohusu mazishi. Maneno hayo machache yana madai matatu, na kila dai lina utata wake: kwamba kilitengenezwa Jaina, kwamba kinaonyesha mtu wa nasaba, na kwamba kilifinyangwa kwa ajili ya kaburi. Nitayapitia yote, ila nitakaa zaidi kwenye nguo, kwa sababu naamini ndiko visanamu hivi vinakosema wazi kuliko mahali pengine popote.

Kisiwa cha makaburi

Jaina ni kisiwa kidogo kwenye pwani ya Campeche, upande wa magharibi wa rasi ya Yucatán, kilichotengwa na bara na mkondo mwembamba wa maji. Sehemu kubwa yake ni kazi ya mikono. Wamaya walibeba kifusi cheupe cha chokaa kutoka bara, mzigo baada ya mzigo, wakainua ardhi juu ya kinamasi, kisha wakajenga mahekalu juu yake. Kati ya mwaka 600 na 900 BK, wakati ambao wanaakiolojia huuita Kipindi cha Klasiki cha Mwisho, kisiwa hiki kilipokea maiti kwa wingi wa kushangaza. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni makaburi 20,000, na yaliyochimbwa kitaalamu ni sehemu ndogo tu ya hayo.

Mfaransa Désiré Charnay alifika huko katika miaka ya 1880. Uchimbaji wa kitaalamu ulikuja katika miaka ya 1940, chini ya taasisi ya taifa ya Mexico inayosimamia mambo ya kale, INAH, na jina linalokumbukwa zaidi katika kazi hiyo ni la mwanaakiolojia Román Piña Chan. Walichokuta kilikuwa na utaratibu wake. Maiti ya mtu mzima ilikunjwa magoti kifuani na kufungwa kwa kitambaa au mkeka, pengine na punje ya jiwe la kijani mdomoni. Watoto wachanga walizikwa ndani ya mitungi. Na mara nyingi, mikononi au kifuani mwa marehemu, palikuwa na kisanamu.

Hapo ndipo dai la kwanza lilipozaliwa. Kwa kuwa visanamu bora kabisa vilitoka Jaina, watu wakadhani mafundi walikaa Jaina. Baadaye maabara zilianza kupima udongo wenyewe: unachukua chembe kidogo ya kisanamu, unaipiga mionzi ya nyutroni, unasoma viasili vilivyomo kwa viwango vidogo sana, kisha unalinganisha na udongo wa maeneo mengine. Matokeo yalionyesha kwamba visanamu vingi vya “mtindo wa Jaina” vilifinyangwa kwingine, hasa pande za Jonuta kwenye mto Usumacinta, katika jimbo la leo la Tabasco, na vingine kwenye pwani ya Veracruz. Mto huo ulikuwa njia kuu kati ya miji ya ndani na bahari, na visanamu vilisafiri juu yake kwa mitumbwi kama chumvi na kakao.

Kwa hiyo Jaina ni mahali vilipozikwa. Kuuita mtindo mzima kwa jina la kisiwa ni kuwanyima sifa mafundi wa mtoni, na inasikitisha kwamba jina limeshazoeleka kiasi kwamba haliwezi tena kuondolewa.

Kalibu, mkono na rangi

Kuna namna mbili za kutengeneza, na kuzitenganisha kunasaidia sana. Ya kwanza ni kwa mkono mtupu: fundi anafinyanga mwili, anavingirisha vijipira vya udongo kuwa shanga, anakata ukanda mwembamba kuwa mshipi, anavibandika kimoja kimoja. Ya pili ni kwa kalibu: udongo laini unakandamizwa ndani ya kalibu iliyochomwa, sura inatoka mbele, na mgongo unafunikwa kwa kipande bapa cha udongo kisicho na mapambo. Mafundi walichanganya njia hizi bila wasiwasi. Visanamu vingi vizuri vina uso wa kalibu uliowekwa juu ya mwili wa mkono, kisha nguo na vito vikaongezwa juu yake.

Vile vya kalibu kwa kawaida viko wazi ndani, na uwazi huo una kazi. Vingi vyao ni filimbi. Mdomo wa kupulizia uko mgongoni kwa chini, na mara nyingi ndio mguu wa tatu unaokifanya kisanamu kisimame bila kuanguka. Vingine vina vijiwe vidogo vya udongo ndani na hulia kama manyanga vikitikiswa. Hili tutalirudia, kwa sababu ndilo linalolitikisa dai la tatu.

Rangi ilipakwa baada ya kuchoma: nyeupe, nyekundu, njano, na ile buluu ambayo imewapa wanakemia kazi ya miongo mingi. Buluu ya Wamaya hutengenezwa kwa kupasha moto nili ya mmea pamoja na udongo mweupe uitwao paligoskaiti. Joto huifanya nili ing'ang'anie ndani ya vinjia vidogo vya udongo ule, na matokeo yake ni rangi isiyochujuka kwa jua, wala kwa unyevu, wala hata kwa asidi kali. Mbona basi visanamu vingi leo ni vya rangi ya udongo mtupu? Kwa sababu kilichobanduka ni ganda. Rangi haikuchomwa pamoja na chombo, ikabaki kama tabaka jembamba la juu, na karne 12 za ardhi yenye maji zililivua tabaka hilo. Ukitazama kwa makini kwenye mikunjo ya nguo, nyuma ya sikio, chini ya mkufu, bado utaona vumbi la buluu. Yafaa kulikumbuka hilo: tunachokiona kwenye kabati ni watu waliovuliwa rangi zao, na nguo zao zilikuwa zinapiga kelele.

Mwanamke kuanzia kichwani

Tumchukue mwanamke wa aina inayopatikana mara nyingi, amesimama au amekaa akiwa amekunja miguu, na tumsome kuanzia juu.

Paji la uso limelala nyuma, na kichwa kimerefuka. Hiyo haikuwa bahati ya fundi. Wamaya walibana vichwa vya watoto wachanga kwa vibao wakati mifupa bado laini, na mafuvu yaliyochimbwa yanathibitisha. Umbo lililotafutwa lilikuwa la gunzi la hindi, na Mungu wa Mahindi ndiye aliyekuwa kipimo cha uzuri. Kutoka katikati ya paji linashuka tuta jembamba linaloungana na mwanzi wa pua, kana kwamba pua inaanzia kwenye nywele. Baadhi ya visanamu vinaonyesha wazi kwamba tuta hilo lilibandikwa, tena pengine kwa vipande vyenye vitundu. Nywele za mbele zimekatwa kwa ngazi, zikishuka pembeni mwa uso hatua kwa hatua, na nyingine zimevutwa juu na kufungwa kwa utepe. Pembeni mwa mdomo au kwenye kidevu kuna chale, vijitone vilivyopangwa kwa ustadi.

Masikioni kuna majasi. Si vipuli vinavyoning'inia tu bali ni duara pana zinazopita kwenye ndewe iliyotanuliwa, zikiwa na uzito uliohitaji kusawazishwa kwa nyuma. Majasi ya kweli ya watawala yalikuwa ya jadeiti, jiwe gumu la kijani ambalo kwa Amerika ya Kati lilitoka bonde moja tu, la mto Motagua nchini Guatemala. Wamaya wa Klasiki hawakuwa na zana za chuma. Jadeiti ilikatwa kwa uzi, mchanga na maji, siku baada ya siku, na tundu likatobolewa kwa njia hiyohiyo ya kusaga. Shanga kubwa zilizopangwa shingoni mwa kisanamu, ambazo fundi alizivingirisha kwa vidole kwa dakika chache, zinasimamia miezi ya kazi ya mchonga mawe.

Kisha nguo. Vazi kuu la mwanamke wa tabaka la juu ni huipili, joho pana lisilo na mkato wa mwili, linalofika magotini au hadi kwenye vifundo vya miguu, na chini yake sketi ya kuzungushia. Ili kulielewa ni lazima uelewe kitanda chake cha mfumi. Mwisho mmoja wa mtande, yaani nyuzi za urefu zinazotandikwa kabla ya kufuma, hufungwa kwenye mti au nguzo, na mwisho wa pili hufungwa kwenye mkanda unaopita kiunoni kwa mfumaji. Yeye mwenyewe ndiye anayekaza na kulegeza nyuzi kwa kuegemea nyuma au mbele. Upana wa kitambaa kwa hiyo hauwezi kuzidi mikono ya mfumaji inapofika. Ndiyo maana huipili hushonwa kwa kuunganisha paneli mbili au tatu, pindo kwa pindo, na kitambaa hakikatwi ili kufuata umbo la bega au kiuno. Ukiona kwenye kisanamu mstari unaoshuka wima kifuani, huo ni mshono wa paneli. Ukiona vazi pana linalomwagika mikononi na kukunjika, jua kwamba upana huo ndio ufahari wenyewe: saa nyingi za kazi zinazovaliwa zote kwa pamoja.

Kisanamu kimoja mashuhuri cha mtindo wa Jaina, kilichoko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia jijini Mexico, kinaonyesha kazi hiyohiyo. Mwanamke amekaa chini, mbele yake kuna nguzo, mtande umefungwa juu yake, na juu ya nguzo ametua ndege. Wamaya wa Guatemala na Chiapas bado wanafuma kwa kitanda cha aina hiyo, na mfumaji wa leo akikitazama kisanamu hicho anaweza kukuambia kazi imefika wapi.

Nakshi nazo hazikuwa pambo la kujazia nafasi. Kule Lagartero, jimboni Chiapas karibu na mpaka wa Guatemala, wachimbaji walikuta lundo kubwa la takataka lenye vipande vingi vya visanamu vilivyovunjwa, na mavazi yake yamechorwa kwa undani usio wa kawaida: pindo, mistari, misalaba, maua. Ukivilinganisha na mawe ya kuchongwa unaona fundi hakuwa anabuni. Kwenye jiwe maarufu la juu ya mlango kutoka mji wa kale wa Yaxchilán, Linteli 24, ambalo sasa liko British Museum, Bibi K'abal Xook anavuta kamba yenye miiba kupitia ulimi wake mwaka 709 BK, huku mumewe, mfalme Itzamnaaj Bahlam, akimshikia mwenge. Tukio ni la damu na maumivu, lakini mchongaji alipata subira ya kuchonga huipili yake nzima, maumbo ya almasi yaliyopangwa safu kwa safu na pindo lenye mpaka wake. Maumbo ya almasi bado yanafumwa kwenye huipili za nyanda za juu za Chiapas.

Tena kufuma hakukuwa kazi ya wajakazi peke yao. Vifaa vya kufumia vya mfupa vimepatikana vikiwa na maandishi ya Kimaya yanayotaja majina ya wanawake wa ngazi ya juu waliokuwa na vifaa hivyo. Kitambaa kilikuwa mali, kilikuwa kodi, kilikuwa zawadi ya kidiplomasia, na mwanamke aliyekitengeneza alikuwa anatengeneza utajiri wa nyumba ya kifalme.

Wanaume, na waliovuliwa

Wanaume nitawapitia kwa haraka zaidi, maana nguo zao ni chache na vito vyao ndivyo vingi. Msingi ni uwinda, kitambaa kirefu kinachopita katikati ya miguu na kuzungushwa kiunoni, ncha zake zikiachwa zining'inie mbele na nyuma zikiwa na nakshi. Juu ya hapo kila shughuli ina vazi lake. Mcheza mpira ana mshipi mnene kiunoni wa kukinga pigo la mpira wa utomvu, ambao ulikuwa mzito na mgumu, na kinga kwenye goti moja, lile la kuangukia. Askari ana ngao na vazi nene la pamba. Mkuu wa baraza ana kilemba au kofia pana. Mfalme ana taji la manyoya, na manyoya yaliyothaminiwa kuliko yote ni yale marefu ya kijani ya mkia wa ketsali, ndege wa milima yenye mawingu. Baadhi ya visanamu vina taji linalotoka: unaliinua, na chini yake unakuta nywele na uso kamili, kama vile fundi alitaka mwenye nacho aweze kumvika na kumvua.

Kuna pia mtu mnene aliyevaa suti nzima ya manyoya, tumbo mbele na ngao mkononi, ambaye anajirudia kwenye maeneo mengi. Wapo vibeti wa baraza. Wapo watu wanaochomoza kutoka ndani ya maua, na wazee wanaowashika wanawake vijana.

Na wapo mateka. Hawa ndio walionifundisha zaidi kuhusu maana ya nguo kwa Wamaya. Mateka amefungwa kamba, yuko uchi au amebakiwa na kitambaa kidogo, na masikioni mwake, mahali palipokuwa na majasi ya jiwe la kijani, pamepitishwa vipande vya karatasi ya magome au vya kitambaa. Alikuwa mkubwa kwao, maana ndewe zilizotanuliwa zinashuhudia. Kumshinda kulikamilika kwa kumvua. Mtu aliyekuwa akitazama kisanamu hicho karne ya nane alielewa mara moja, kama vile mgeni kwenye harusi ya Lamu anavyomtambua bwana harusi kwa joho na kilemba kabla hajamwona sura.

Je, ni nani hawa?

Hapa tunafika kwenye dai la pili, na ndipo watu hupotea. Sura nyingine zina upekee mkubwa, mikunjo ya shavu, mdomo uliopinda kidogo, kiasi kwamba mtu hushawishika kusema huyu aliishi na alikuwa na jina. Lakini mawe ya Wamaya yanataja majina. Yanatuambia mfalme gani, siku gani, mji gani. Visanamu kwa kawaida havina maandishi yoyote. Na uso uliotoka kwenye kalibu uliweza kuwekwa juu ya miili kadhaa yenye mavazi tofauti, jambo ambalo mtu anayetaka picha ya mtu fulani asingelifanya.

Wengine wakaenda upande wa pili wakasema ni miungu. Mfumaji wa Jaina ameitwa mara nyingi Ix Chel, mungu wa kike aliyetajwa na Wahispania katika Yucatán ya karne ya 16. Lakini hapo pana pengo la karne kadhaa, na sanaa ya Klasiki yenyewe inatofautisha mungu kijana wa mwezi, anayeshika sungura, na mungu mzee wa ukunga anayeitwa Chak Chel. Mwanamke kijana anayefuma hana lazima ya kuwa mmoja wao.

Mimi naona swali lenyewe, mtu au mungu, linawalazimisha Wamaya kuchagua kitu ambacho hawakukichagua. Fikiria vazi la Mungu wa Mahindi: sketi ya wavu wa shanga za jiwe la kijani, na kiunoni gamba la chaza. Wafalme walilivaa kwenye dansi zao. Wanawake wa kifalme walilivaa. Aliyelivaa hakuwa anaigiza kwa mbali. Kwa muda wa ibada alikuwa anaubeba uungu ule mwilini mwake. Kisanamu chenye vazi hilo kinaweza kuwa mfalme, na kinaweza kuwa mungu, na jibu la kweli ni kwamba vazi ndilo linalowaunganisha. Kwa hiyo ninapokiona kisanamu najiuliza kwanza amevaa kwa shughuli gani: ya kucheza mpira, ya vita, ya kufuma, ya dansi, ya kupokea wageni. Hilo udongo unalijibu. Jina haujawahi kulitaja.

Filimbi jikoni

Dai la tatu, la kaburi, linaanguka mara tu unapotoka Jaina. Kwenye miji ya bara visanamu hupatikana zaidi majumbani. Ushahidi mzito kuliko wote uko Aguateca, nchini Guatemala, mji wa juu ya jabali uliovamiwa na kuchomwa moto karibu na mwaka 810 BK. Wakazi wa nyumba za wakubwa walikimbia na kuacha vyombo vyao sakafuni. Mwanaakiolojia Takeshi Inomata na wenzake walichimba nyumba hizo, na Daniela Triadan akachambua visanamu vyake: vilikuwa miongoni mwa vitu vya nyumbani vya kila siku, na vingi vilikuwa filimbi. Huko Motul de San José, karibu na ziwa Petén Itzá, kazi ya Christina Halperin ilionyesha kwamba visanamu havikuwa vya kasri peke yake. Vilikuwamo kwenye nyumba kubwa na ndogo.

Hili linabadilisha picha yote. Familia isiyo na punje moja ya jadeiti ilikuwa na bibi mwenye majasi makubwa, wa udongo, anayepulizwa na kulia. Kalibu iliyotoa bibi huyo ilitoa wenzake wengi. Watu wa kawaida walijua mavazi ya kifalme kwa kuyaona kwenye sherehe za uwanjani, na waliyajua pia kwa kuyashika mkononi nyumbani, pengine watoto wakiwa wa kwanza kuyashika. Iwapo hilo lilikuwa njia ya watawala kujiingiza ndani ya kila nyumba, au wanyonge kuwamiliki wakubwa wao kwa namna yao, nadhani yote mawili yaliwezekana katika nyumba moja, na hata siku moja.

Na filimbi iliyochezwa nyumbani iliweza mwishowe kuingia kaburini. Kitu kilichopendwa huzikwa na aliyekipenda. Visanamu vya Jaina vyenyewe vingi ni filimbi na manyanga, na chombo cha muziki hutengenezwa ili kilie.

Kilichoibiwa ni zaidi ya udongo

Ugumu wa kujibu maswali haya una chanzo kinachouma. Visanamu vingi vilivyoko kwenye makumbusho makubwa ya Marekani na Ulaya havikuchimbwa na wanaakiolojia. Vilitolewa na wachimbaji haramu, vikauzwa, vikauzwa tena, na katika kila mkono vilipoteza kidogo historia yao. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 na sheria ya Mexico ya mwaka 1972, iliyoyafanya mabaki ya kale kuwa mali ya taifa, zilikuja baada ya mengi kuondoka. Maabara inaweza leo kusema udongo ulichimbwa karibu na mto gani. Haiwezi kurudisha habari kwamba kisanamu kilikuwa mkononi mwa mtoto au mzee, peke yake au pamoja na wenzake watano.

Soko hilo lilizaa pia bandia. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Brígido Lara, fundi wa Veracruz, aliyekamatwa mwaka 1974 akituhumiwa kuhusika na vitu vya kale vilivyoibwa. Akaomba aletewe udongo gerezani, akafinyanga vingine mbele ya waliomtuhumu, na ikabainika kwamba vile “vya kale” vilikuwa kazi ya mikono yake. Utaalamu wake ulikuwa hasa mtindo wa kale wa Veracruz, lakini somo linawahusu wote wanaokisoma kisanamu kisicho na kaburi: mtu anayejenga hoja kuhusu vazi la Wamaya juu ya kitu kilichonunuliwa mnadani anaweza kuwa anajenga juu ya mawazo ya fundi wa karne ya 20.

Baraza la watu 23

Ndiyo maana ugunduzi wa mwaka 2006 kule El Perú-Waka', kwenye misitu ya Petén ya Guatemala, una thamani isiyopimika. Ndani ya kaburi la kifalme linaloitwa Kaburi 39, la nusu ya kwanza ya karne ya 7, timu ya wanaakiolojia ilikuta visanamu 23 vikiwa pamoja, vingi bado na rangi zake. Havikuwa mkusanyo wa vitu vizuri. Vilikuwa tukio moja: mfalme na malkia, wanawake wa baraza, mwandishi, vibeti, na miongoni mwao mtu aliyepiga magoti akiwa na paa wa kiroho karibu naye. Watafiti, akiwamo Michelle Rich aliyeliongoza chimbo hilo, wamelisoma kama ibada ya mfalme aliyekufa anayesaidiwa kuelekea kuzaliwa upya, huku mrithi na baraza zima wakiwa mashahidi.

Mtazame kibeti. Akiwa peke yake kwenye kabati la mji wa mbali, kibandiko kingemwita mchekeshaji wa mfalme, au pambo la baraza, na hakuna ambaye angeweza kubisha. Hapa yuko ndani ya ibada, karibu na maiti ya mtawala, kwenye tukio zito kuliko yote ambayo ufalme ulikuwa nayo, akiwa na vazi lake na nafasi yake. Mwandishi naye yupo, kwa sababu ibada kama hiyo ilihitaji mtu wa kuiandika. Mabibi wamevalia rasmi kwa sababu walikuja kutoa ushahidi. Kila vazi lina jirani yake, na jirani huyo ndiye anayelieleza.